Muulize Fundi: Skripti inasema kompaila haipo na ipo

SWALI: Kaka Fundi shikamoo. Naandika kutoka Sinza, tuko washkaji watatu tunatengeneza programu ya C++ ya kuhesabu mzigo wa stoo za maduka Kariakoo. Mimi natumia Ubuntu, mwenzangu Mac, wa tatu Windows. Nimeandika skripti, kabla ya kujenga inaiuliza kompaila (ile inayogeuza msimbo kuwa programu) vesheni yake kwa gcc -dumpversion na kuangalia kama imefika 9, ikikosa inagoma. Kwangu inatoa 13 tu bila nukta, kwenye Mac inasoma 15 inapita halafu kujenga kunafeli, na huyu wa Windows anaambiwa hana kompaila wakati Visual Studio anaitumia kila siku. Tunafanyaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tuanze na Mac maana hiyo inawadanganya kimyakimya. Ile komandi ya gcc kwenye Mac siyo GCC, kompaila ya mradi wa GNU, kabisa, Apple wamebakiza jina tu, ndani ni Clang yao, kompaila nyingine, yaani daladala imeandikwa Mbagala ubavuni huku konda anaita Gongo la Mboto, ukipanda kwa kusoma maandishi imekula kwako. Andikeni gcc --version pale, yenyewe itakiri kuwa ni Apple clang. Hiyo 15 haihusiani na GCC 15, na wala hailingani na namba za Clang ya LLVM, mradi wenye Clang ya asili, Apple wana hesabu zao. Halafu kama Mac haina zana za Xcode, zile za Apple za kujengea programu, ukiita gcc inafungua kidirisha cha kukuomba uziweke, sasa fikiria mashine iliyofungiwa chumbani haina mtu mbele yake, nani atabonyeza? Ulizeni kwanza kwa xcode-select -p, inayoonyesha zilipo.

Kwako wewe wala hakuna ugonjwa. Tangu GCC 7, anayeiandaa anaweza kuchagua -dumpversion itoe namba kuu peke yake, na Debian na Ubuntu ndo wanavyofanya. Ukitaka namba kamili andika gcc -dumpfullversion -dumpversion, zote mbili pamoja, ili hata GCC za zamani zijibu. Ila angalia unavyolinganisha, ukilinganisha kama maandishi 10 inakuwa ndogo kuliko 9, kata kwenye nukta ulinganishe kama namba.

Windows sasa. cl.exe, kompaila ya Visual Studio, haikai kwenye PATH (orodha ya folda ambamo komandi zinatafutwa) mpaka ufungue ile terminali maalumu ya Visual Studio, ndo maana skripti inaapa haipo. Watu walikuwa wanachimba kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, lakini kuanzia Visual Studio 2017 mtu anaweza kuweka Visual Studio kadhaa kwa pamoja na njia hiyo imeshapitwa. Kuna kiprogramu kinaitwa vswhere.exe, kipo Program Files (x86), folda ya Microsoft Visual Studio, ndani ya Installer, ndicho kinachokuonyesha zimewekwa wapi. Usisahau kukipa -products * la sivyo aliyeweka Build Tools peke yake hataonekana. Kikishakupa folda, ita vcvarsall.bat ya humo ndipo cl ipatikane.

Lakini kusema kweli mimi ningeacha kabisa kusoma kile kompaila inachojitangaza kwenye --version, maneno yanabadilika kwa kampuni, kwa lugha ya mashine, kwa mwaka. Iulize kupitia makro zake, yaani majina ambayo kompaila yenyewe inayapa thamani. Tengeneza faili lenye mstari mmoja wa majina __clang__ __clang_major__ __GNUC__ __GNUC_MINOR__ _MSC_VER, kisha lipitishe kwa cc -E -P, kwa Windows cl /EP, zinazofasiri makro tu bila kujenga. Makro iliyopo inageuka namba, isiyokuwepo inabaki jina lake vilevile, basi umeshajua uko na nani. Anza kila mara na __clang__ maana Clang ni kinyonga, kwenye Linux na Mac inatangaza pia __GNUC__ na kujifanya GCC 4.2, kwenye Windows inatangaza _MSC_VER. Ukiwa na _MSC_VER ya Microsoft wenyewe, 1910 ndo mwanzo wa Visual Studio 2017, 1920 ya 2019, 1930 ya 2022. Na kwa kuwa hakuna programu inayoendeshwa, inafanya kazi hata kompaila ikiwa inajengea mashine ya aina nyingine. CMake, zana ya kusimamia ujenzi wa programu, nayo inatumia makro hizihizi, kwa hiyo kama skripti yenu bado changa hamieni huko, mtakuta CMAKE_CXX_COMPILER_ID na CMAKE_CXX_COMPILER_VERSION tayari, na VERSION_LESS ya kulinganishia.

Halafu kwanini 9? Nahisi ni kwa ajili ya std::filesystem, sehemu ya C++ ya kushughulikia faili na folda, maana kwenye GCC 8 ilibidi uongeze -lstdc++fs, kuanzia 9 imeingia ndani ya maktaba kuu. Kama ni hiyo, jengeni kiprogramu cha mistari mitano kinachoitumia, kikikubali endeleeni, vesheni ya nini tena?

SWALI: Fundi, java -version naiona kwenye skrini vizuri, skripti yangu ikiisoma inapata patupu. Msomaji, Tabata.

JIBU: Inaandika kwenye mkondo wa makosa, siyo wa matokeo. Weka 2>&1 mwishoni utaipata. Ila kwa kujenga ulizia javac, kompaila ya Java, kwa sababu mashine inaweza kuwa na java ya kuendeshea tu, na huko pia acha hiyo 2>&1 ibaki maana javac ya 8 inaandika upande wa makosa, kuanzia 9 upande wa matokeo. Ikikuletea 1.8 usishtuke, hiyo ni Java 8, kuanzia 9 ile 1 ya mbele waliitoa.