Kwetu tunasema laki sita na nusu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: je, anayetapeli kwa kutumia akili mnemba apewe adhabu kali kuliko tapeli wa kawaida? Mkatoa mfano wa Marekani, ambako Novemba 2025 wabunge wawili wa vyama tofauti, Ted Lieu na Neal Dunn, walipeleka muswada wa kupandisha faini hadi dola milioni 2 na kifungo hadi miaka 30 kwa makosa mazito ya aina hiyo. Nilipomaliza kusoma niliweka simu chini, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Jibu lililonijia lilikuwa hapana, na nilidhani lingetosha mstari mmoja. Halitoshi, maana jambo hili limeshapita nyumbani kwetu.

Mama yangu anaishi Soni, njia ya kupandia Lushoto. Mdogo wangu yuko Mbeya, anauza viatu vya mtumba Mwanjelwa. Kama vijana wengi wa biashara hiyo, kila asubuhi anajirekodi: anashika kiatu, anakunja soli watu waone haijakatika, anataja saizi na bei, anatupia TikTok na kwenye status. Sauti yake imejaa huko. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba sauti nayo ni kitu cha kufungiwa ndani.

Ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi, mama akiwa anachambua maharage. Ukaingia ujumbe wa sauti WhatsApp kutoka namba ngeni. Ninao mpaka leo. Ni mdogo wangu kabisa, na ile mikwaruzo yake ya kooni na kawaida yake ya kuvuta pumzi kabla ya kusema jambo zito. "Mama, ni mimi. Simu yangu imechukuliwa, naongea kwa simu ya askari. Tumegonga mtu na pikipiki, mwenye pikipiki amekimbia, wanataka kuniweka ndani. Naomba unitumie mia sita hamsini elfu kwenye namba hii, weka na ya kutolea. Usimwambie mtu kwanza, nitaeleza mwenyewe."

Mia sita hamsini elfu. Kwetu hakuna anayesema hivyo. Mdogo wangu anataja bei kutwa nzima, na maishani mwake hajawahi kusema mia sita hamsini elfu. Ni laki sita na nusu. Mashine iliyoiga sauti yake ilipewa tarakimu ikazisoma kama zilivyoandikwa. Na mama aliisikia! Ameniambia zaidi ya mara moja kwamba neno lile lilimgonga sikioni, lakini akajiambia mtoto amechanganyikiwa, mtu aliye mbele ya askari hawezi kuzungumza kama yuko sebuleni. Hofu ya mzazi ikafunika lile kosa.

Alikuwa na 400,000 za bati za jiko. Zilizobaki, 250,000, alizikopa kwa jirani ambaye alikuwa ameziweka za mbolea. Akapanda bodaboda mpaka kwa wakala, akaweka kwenye laini yake, akatuma. Lilipokuja jina la mwanamke, wakala alimuuliza, "Mama, huyu unamfahamu?" Akajibu kwamba ni simu ya askari. Wakala wa watu alifanya wajibu wake, simlaumu. Akaongeza na ya kutolea, kama alivyoombwa. Hapo ndipo huwa nashindwa kuendelea ninapolisimulia jambo hili: kwamba mama alimhesabia mwizi mpaka gharama ya kutolea.

Alinipigia saa saba kuniomba nimwombee mdogo wangu. Nikakata, nikampigia mwenyewe. Akapokea palepale, yuko kwenye meza yake anabishana na mteja bei ya raba.

Mbio zikaanza. Huduma kwa wateja wa mtandao wa simu walinisubirisha na muziki, kisha wakaniambia pesa imeshatolewa, kwa mawakala wawili, ndani ya dakika 11. Nikitaka kujua zaidi, nilete RB, ile namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni, na barua ya polisi. Kituo cha kwanza wakasema kosa limetendeka pesa ilipotolewa, niende huko. Huko ni wapi? Hilo ndilo nililotaka mtandao waniambie, nao wanataka barua kwanza. RB ilipatikana siku ya tatu. Mpelelezi aliyepewa jalada alikuwa mtu mstaarabu, akanionyesha mafaili mezani kwake na kuniambia, "Kaka, yote haya ni ya namba hii." Alimaanisha "ile pesa tuma kwa namba hii", meseji ambayo sidhani kuna mwenye simu nchi hii ambaye hajaipata.

Jioni ile nikachukua simu ya mama nikapiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Anatumia laini moja. Nilizikuta nne. Alipofikiri sana alikumbuka kijana mwenye mwavuli sokoni, siku aliyoenda kusajili kwa alama za vidole. "Kidole hakijasoma, mama, weka tena." Akaweka tena. Na tena. Tangu Januari 2020, laini zisizo na alama za vidole zilipoanza kufungwa, tumekuwa tukiambizana kwamba sasa kila laini ina mwenyewe. Ni kweli inaye, kwenye karatasi. Yule mwanamke ambaye jina lake lilikuja kwenye simu ya mama huenda naye ni bibi wa kijiji fulani aliyeambiwa aweke kidole tena.

Ndiyo maana nilisema hapana. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015. Anayetapeli kwa kompyuta anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 20, au mara tatu ya alichopata kama ni kikubwa zaidi, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote pamoja. Kompyuta kwa maana ya sheria ile inabeba na simu. Miaka saba si midogo. Je, meseji zimekoma? TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wametupa namba 15040 ya kuripoti, ripoti zao zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kwamba ndiko namba nyingi za matapeli zinakotokea, na bado zinaingia. Tapeli anaogopa kukamatwa, na asipokamatwa miaka 7 na miaka 30 kwake ni hadithi. Tukiipandisha adhabu leo, wa kwanza kuburutwa atakuwa mwenye jina kwenye laini. Angeweza kuwa mama yangu.

Kuna na hofu nyingine, niiseme tu. Sheria hiyohiyo ndiyo yenye kifungu cha 16, cha taarifa za uongo, ambacho kimewafikisha watu mahakamani kwa maneno waliyoandika WhatsApp na Facebook. Ukimpa mwenye mamlaka fimbo ndefu kwa jina la akili mnemba, kesho kijana aliyetengeneza katuni ya mheshimiwa inayoongea ataitwa tapeli.

Mpaka hapo nilikuwa nimemaliza, Mhariri. Nilikuwa natafuta sentensi ya kufungia. Nikaurudia ule ujumbe ili niunukuu sawasawa, na nikakumbuka mambo ya mwezi uliopita, ambayo nilikuwa nimeyaweka pembeni kama jambo jingine, na kumbe ni hilihili.

Mdogo wangu aliugua taifodi. Simu yake ilikuwa imezima chaji, akaazima ya mgonjwa wa kitanda cha jirani, akampigia mama. Mama alisikia "Mama, ni mimi," akakata. Akapiga tena. Mama akamwambia, "Mwambie aliyekutuma nimeshawajua." Akatuma ujumbe wa sauti, anahema, sauti imemkauka; mama akaufuta bila kuusikiliza mpaka mwisho. Mimi aliponipigia nilimuuliza jina la ng'ombe wa marehemu baba kabla sijamuuliza anaumwa nini. Mtu yuko na dripu mkononi, anatafuta jina la ng'ombe. Siku mbili zilipita kabla nyumbani hawajaamini kwamba ni yeye, na mama alipoamini alilia kwa namna ambayo hakulia kwa zile pesa.

Tapeli wa meseji anachukua pesa na kupotea. Huyu alichukua pesa, akaondoka na sauti ya mtoto pia, na hakuna namba ya kupiga ili irudishwe. Sheria yetu inapima kwa faida aliyoipata mwizi. Ukipiga hesabu ya mara tatu ya laki sita na nusu unapata 1,950,000, hata haifikii ile milioni 20 ya chini kabisa. Zile siku mbili za kitandani hazimo humo. Hong Kong, mwanzoni mwa 2024, mfanyakazi wa kampuni ya Arup alihamisha kama dola za Marekani milioni 25 baada ya kikao cha video ambacho wakubwa wake wote waliokuwa kwenye kioo walikuwa wa kutengenezwa. Kila mtu alizungumzia zile milioni. Mimi sasa namfikiria yule mfanyakazi, kama bado anaweza kumwamini bosi wake kwenye kioo.

Kwa hiyo nageuka, na sitafuta niliyoandika juu ili muone nilikopita. Ndiyo, adhabu iongezwe. Isiongezwe kwa kila penye akili mnemba, maana kesho kila kitu kitakuwa nayo, mpaka barua za kuombea kazi. Iongezwe kwa anayechukua sauti au sura ya mtu aliye hai na kuitumia kwa ndugu zake ili wampe pesa. Liwe kosa lake peke yake, lihesabike hata kama hakuna shilingi iliyotumwa, na asifungwe mtu kwa sababu tu jina lake liko kwenye laini. Faini ianze kumlipa aliyetapeliwa. Jirani yetu wa Soni bado anadai 110,000. Mdogo wangu haafiki. Anasema miaka 30 kwa laki sita na nusu ni kumzika kijana wa watu. Namwelewa, na kuhusu idadi ya miaka sijafika mwisho wa mawazo yangu.

Ningepewa nichague kati ya miaka kumi zaidi gerezani na saa moja ya mtandao wa simu kushikilia pesa mara tu mtu anapopiga kelele, ningeichukua ile saa moja bila kufikiri. Lakini hamkuniuliza hilo. Mmeuliza ndiyo au hapana, na kwa ile sauti jibu langu ni ndiyo.

Msomaji wenu, Ubungo, Dar es Salaam