Bandari ya Lakhpat ilikwenda wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kwetu Mombasa tunaambiwa babu mzaa babu alitoka Lakhpat, mji wa bandari huko Kutch, India, mwishoni mwa karne ya 19. Nimeutafuta kwenye picha za setilaiti nikaona ukuta mkubwa, na kaskazini yake chumvi tupu. Je, bahari ilirudi nyuma? Na kama bandari ilishakufa, yeye alisafirije?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Bahari haikurudi nyuma. Kilichoondoka ni mto, na watu walianza kuuziba kabla ardhi haijaumaliza.

Kutch ilikuwa nchi ya Warajput, watu wa tabaka la wapiganaji na watawala, wa ukoo wa Jadeja, wenye asili ya Sindh, nchi jirani ambayo leo iko Pakistan. Rao Khengarji wa Kwanza aliufanya Bhuj kuwa mji mkuu mwaka 1549, na ukoo huo ukatawala mpaka utawala wa nchi ulipokabidhiwa India mwaka 1948. Kaskazini imepakana na Rann, uwanda wa chumvi ulio karibu sawa na usawa wa bahari. Zamani Puran, tawi la mto Indus, lilikatiza uwanda huo likamwagikia hori la Kori. Lakhpat ilikaa hapo: mashua zikipanda Sindh, maji matamu yakinywesha mpunga.

Miaka ya 1760 Ghulam Shah Kalhoro, mtawala wa Sindh, alipigana na jeshi la Kutch kule Jhara, kisha akaliziba tawi hilo kwa bwawa la udongo. Waliomfuata wakaongeza mengine. Kwangu hii ni dhuluma kubwa, maana ugomvi ulikuwa wa watawala na walioadhibiwa ni wakulima. Hata hivyo biashara iliendelea. Ukuta uliouona, wa kilomita 7 hivi, ni kazi ya Jamadar Fateh Muhammad, kamanda wa Kutch, mwaka 1801.

Jioni ya tarehe 16 Juni 1819 nchi ikatetemeka. Chini ya Rann mwamba ulikatika, upande wa kaskazini ukapandia ule wa kusini. Likazuka tuta la kilomita 80 hivi, mahali pengine likifika kimo cha mita 6. Wenyeji wakaliita Allah Bund, yaani tuta la Mungu, lisichanganywe na mabwawa ya watu. Kusini yake ardhi ilididimia, bahari ikapanda kupitia hori la Kori na kuifunika ngome ndogo ya Sindri. Waliokuwamo walikimbilia mnarani, wakaokolewa kwa mashua siku ya pili. Alexander Burnes, ofisa wa Waingereza katika India, alipofika mwishoni mwa miaka ya 1820, naye alikwenda kwa mashua, na mnara ulikuwa bado umechomoza majini. Mafuriko ya Indus yalilikata tuta mwaka 1826, lakini Puran haikurudi kuwa njia ya kudumu.

Lakhpat haikuhamwa siku moja. Tharia Topan, aliyekuja kuwa tajiri mkubwa wa Zanzibar, alizaliwa huko mwaka 1823. Ila biashara ilihamia bandari nyingine, hasa Mandvi, iliyo kusini kwenye bahari wazi. Huko ndiko kotia, majahazi ya Kihindi, zilikotweka kwa kaskazi zikileta nguo, zikarudi kwa kusi na pembe za ndovu. Yaelekea babu yenu alipandia Mandvi. Wazee wakiitaja miji yote miwili, hawapingani.

Ukirudi kwenye setilaiti, linganisha picha ya Agosti na ya Machi. Agosti, mvua na upepo wa kusi vinapoingiza maji katika Rann, Kutch huonekana kama kisiwa. Machi maji yamekauka, imebaki chumvi.