Mnaopewa kazi ya kuandika wasifu wa mwanajeshi mstaafu, someni hapa kwanza

Jumamosi iliyopita nilikuwa msibani, mzee wetu mmoja mstaafu wa jeshi, kijana wa kamati kasimama na karatasi yake anasoma kwamba marehemu alijiunga na JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, mwaka 1962. Wazee wenzake wa jeshini waliokaa mbele wakatazamana, mmoja akashindwa kuvumilia akauliza kwa sauti, "Jeshi lipi hilo?" Kijana akaganda. Nilimhurumia sana, ila na hasira nilikuwa nayo maana kosa hili nalisikia kila mara na nyie ni wadogo zetu, hatuwezi kuwaacha muaibike mbele ya mjane.

1. Miaka. JWTZ imeanza tarehe 1 Septemba 1964. Kabla ya hapo kulikuwa na Tanganyika Rifles, lile jeshi lililoasi Januari 1964 likavunjwa. Kwahiyo mzee wa 1962 aliingia Tanganyika Rifles, na kama baada ya maasi alikuja kuvaa tena kombati hiyo ni sehemu nzito ya maisha yake, kaa na wenzake wakusimulie usije ukaipita kwa mstari mmoja. Vita ya Kagera nayo mnaandika 1977, mara 1980, jamani! Amin kavamia mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu katangaza vita 2 Novemba, Kampala imeanguka 11 Aprili 1979. Na sio kila aliyevuka Mutukula, pale mpakani kuingia Uganda, alikuwa JWTZ, walikuwepo mgambo, polisi, magereza, uliza kabla hujaandika.

2. Cheo. Sajenti na sajinitaji ni watu wawili tofauti, afisa mteule daraja la pili sio daraja la kwanza, mtu kakitolea jasho miaka kumi halafu wewe unamshusha siku ya kumzika. Zile risasi za heshima pale kaburini usiziite mizinga.

3. Familia. Hapa naomba mnivumilie maana hili ndilo lililonifanya niandike.

Mwaka 2009 nilipewa kazi ya wasifu wa mzee mmoja, sajenti mstaafu, kaingia jeshini 1971 katoka 1995. Nikapewa na bahasha ya kaki yenye karatasi zake zote, vyeti vya kozi, barua za uhamisho, karatasi za kustaafu, na fomu yenye majina ya mke na watoto sita. Niliandika usiku mmoja, kurasa mbili, kila kikosi na mwaka wake, kila kozi, Mutukula, Masaka, Lukaya, mpaka Kampala. Nilijiona nimemtendea haki mzee. Nyumbani kwake nilikuwa nimefika mara moja tu, kuchukua bahasha, nikasimama mlangoni nikaondoka.

Siku ya mazishi nikasoma vizuri, sauti haikutetemeka. Nikafika mwisho, "ameacha mjane, watoto sita na wajukuu kumi na mmoja." Kulikuwa na dada mmoja amekaa karibu na jeneza, amepakata picha ya marehemu iliyotiwa fremu. Alipoisikia ile sita aliinuka taratibu, akailaza picha kwenye kiti, akaizungushia khanga isianguke, akaenda zake nyuma kwa akina mama wanaopika. Hakulia. Mimi nikadhani kaitwa.

Kaburini MC akaita watoto wa marehemu waje na shada. Wakaja sita. Mjane akasema pale pale alipokaa, "Bado mmoja." MC akatazama karatasi yangu, akaita tena watoto, mama akarudia, "Nimesema bado mmoja, mfuateni." Tukasubiri. Wanajeshi wamesimama na bunduki zao, jua la saa tisa, watu mia tatu kimya, karibu nusu saa mpaka yule dada akaletwa, mikono bado ina unga, akashika shada na wenzake. Kila dakika ile ilikuwa yangu.

Nikarudi pale nyumbani baada ya matanga kuomba msamaha. Mama akanikalisha, akanisimulia. Yule dada ni binti wa rafiki yake mzee, walikuwa platuni moja, baba yake kafia Lukaya Machi 1979 hajawahi kumwona mwanae. Mzee aliporudi vitani akaenda kwao, akaongea na wazee wa ule ukoo, akaja naye kota akiwa anatambaa. Akamlea kama wake, akamsomesha, akampeleka Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile, kuliona kaburi la baba yake, na ndiye aliyemwogesha na kumgeuza kitandani miezi minane ya kiharusi. Ila kila fomu ya shule, penye jina la baba, mzee aliandika jina la rafiki yake, alisema hatalifuta jina la yule mwanaume kwa mkono wake. Ndiyo maana kwenye bahasha yangu binti hakuwepo.

Akanionesha na kiboksi cha mbao, brashi mbili na kopo la kiwi. Kila Jumapili jioni, akiwa likizo au akiwa kambini, mzee alipanga jozi saba za viatu vya shule pale mlangoni akavipiga rangi mwenyewe, hakuruhusu mtoto wala mke aguse. Jozi saba. Ningekaa kwenye lile jamvi dakika kumi tu ningezihesabu. Kurasa zangu mbili hazikuwa na hata kiatu kimoja.

Yule dada alinisamehe, na alinipa chai. Bado nikimwona sokoni nasimama kumsalimia vizuri.

4. Namba ya jeshi usiisome hadharani. Majina ya watoto msomee mjane kabla, moja moja. Usizidishe dakika nane.

Wale wa kamati ya Jumamosi hii nileteeni rasimu Alhamisi jioni kabla ya saa mbili, na sehemu ya watoto muiache wazi. Tutaenda wote kwa mama, atatutajia mwenyewe tukiwa tumekaa chini.