Maswali ya Wasomaji: Kama roho imekwisha kufika, mwili unafufuliwa wa nini?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mwaka jana tulimzika mama yangu hapa Tanga. Mhubiri alitusihi tusilie, kwa kuwa marehemu amekwisha kufika kwa Baba na anapumzika. Baada ya matanga, jirani yetu, mzee wa Kiislamu aliyekesha nasi tangu usiku wa kwanza wa msiba, aliniuliza kwa upole: "Mwanangu, siku ya kiyama tunaiamini sote. Ninyi mnaposema Yesu amefufuka, mmeongeza nini?" Nilikosa jibu. Nilipoendelea kufikiri nikajikuta na swali langu mwenyewe: ikiwa roho ya mama imefika mbinguni, ufufuo wa mwili ni wa nini tena? Je, haitoshi kumpenda Mungu na jirani, bila kujisumbua na habari za makaburi kufunguka? *Msomaji, Tanga*

JIBU: Amina, dada yangu, na pole sana kwa kufiwa na mama. Mzee jirani yako ameuliza vizuri kuliko wengi wetu tunaopanda mimbarani, kwa hiyo nitaanza naye.

Neno kiyama limetujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kusimama. Neno la Kigiriki ambalo Agano Jipya hulitumia kwa ufufuo, *anastasis*, nalo maana yake ni kusimama tena. Katika jambo hili Waislamu, Wakristo na wale Wayahudi waliofuata mafundisho ya Mafarisayo wanakaribiana sana, kwa maana wote husema kwamba Mungu atawasimamisha wafu na kuwahukumu. Martha alilikiri hilo kabla Yesu hajalikaribia kaburi la Lazaro: alisema anajua kwamba ndugu yake atafufuka siku ya mwisho. Waliokataa ni Masadukayo, kundi jingine la Wayahudi. Basi tumaini la kufufuliwa kwa wafu hatukulibuni sisi, wala si mali yetu peke yetu. Tulichoongeza, kwa kutumia neno la mzee, ni dai kwamba jambo hilo la siku ya mwisho limekwisha kuanza, katika mtu mmoja, nje ya Yerusalemu, wakati Pontio Pilato akiwa mtawala wa Uyahudi, huku dunia nyingine yote ikiendelea kuzika wafu wake kama kawaida. Sitarajii kwamba mzee atalikubali, maana Kurani inakanusha hata kusulubiwa kwake. Lakini mkikaa tena barazani mtajua mnapoachana ni wapi hasa.

Sasa nije kwako. Paulo aliwaandikia Wakristo wa Korintho karibu na mwaka 55, yapata miaka 25 baada ya msalaba, na wengi huisoma sura ya 15 ya waraka ule wa kwanza wakidhani kwamba Wakorintho walikuwa wamekana kufufuka kwa Yesu. Ukisoma polepole utaona kwamba hilo walikuwa wamelipokea, na Paulo anawakumbusha alivyowakabidhi: kwamba Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akamtokea Kefa, yaani Petro, kisha wale Kumi na Wawili, kisha ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, ambao wengi wao walikuwa bado hai alipokuwa akiandika. Walichokikataa baadhi yao ni kufufuka kwa wafu wengine, yaani wao wenyewe na jamaa zao. Walikuwa watu wa mji wa Kigiriki, na miongoni mwa Wagiriki wenye elimu walikuwako wengi walioona mwili kuwa kifungo cha roho; roho ikishatoka kifungoni, ya nini kuirudisha? Kule Athene walimsikiliza Paulo kwa adabu mpaka alipotaja ufufuo wa wafu, ndipo wengine wakaanza kumdhihaki. Kwa hiyo swali lako ni lile lile la Wakorintho, na mahubiri uliyoyasikia msibani, naomba mhubiri wenu aniwie radhi, yalikuwa karibu zaidi na Athene kuliko Yerusalemu.

Paulo hakuwaruhusu kuyatenganisha mambo hayo mawili. Kama wafu hawafufuliwi, anasema, basi Kristo naye hakufufuka. Na kama Kristo hakufufuka, kuhubiri ni bure, imani ni bure, waliolala katika Kristo wamepotea, na ninyi mngali katika dhambi zenu. Maneno hayo ya mwisho yanastahili kutuchelewesha kidogo, kwa sababu tumezoea kusema kwamba dhambi ziliondolewa msalabani, na ni kweli. Lakini msalaba ukiachwa peke yake haujielezi. Warumi waliwasulubisha watu wengi sana, na siku ile ile wawili walitundikwa kuume na kushoto kwake. Mpita njia aliyemtazama Ijumaa ile, akiwa ameisoma Torati, angekumbuka kwamba aliyetundikwa mtini amelaaniwa na Mungu, angetikisa kichwa na kwenda zake, na asingekuwa na sababu yoyote ya kufikiri vingine. Hukumu ya mahakama ilikuwa imepita. Ufufuo ndio ulioitengua: Mungu alimpa haki yule aliyenyimwa haki na watu, na hapo ndipo ilipowezekana kusema kwamba laana aliyoibeba haikuwa yake. Mkiiondoa asubuhi ya Jumapili, Ijumaa inabaki kuwa habari ya mtu mwema aliyeuawa kwa dhuluma, na habari za namna hiyo, kwa bahati mbaya, tunazo tele hata bila kuwa Wakristo.

Kisha Paulo analeta neno ambalo wasomaji wa mjini hulipita haraka: anamwita Kristo *limbuko* lao waliolala. Aliyekulia shambani anajua kulimbua. Katika sheria ya Musa, mganda wa kwanza wa mavuno uliletwa kwa kuhani autikise mbele za Bwana, na kabla ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kula mazao mapya. Mganda ule haukuwa wa zao jingine. Ulitoka katika shamba lile lile lililokuwa likingoja mundu. Hajapata kutokea mtu aliyelimbua mahindi kisha akavuna mihogo. Ikiwa limbuko ni Yesu aliyetoka kaburini na mwili wake, akaonyesha mikono na ubavu wake, akala kipande cha samaki mbele ya wanafunzi waliodhani wameona roho, basi mavuno yanayofuata hayawezi kuwa roho zisizo na miili.

Lugha yetu hapa hutuponza kidogo. Tunasema kiwanda kimefufuliwa au kesi imefufuliwa, na maana yetu ni kwamba kitu kimerudi kama kilivyokuwa. Lazaro alifufuliwa kwa namna hiyo: alirudi Bethania kwa dada zake, na kifo kilikuwa bado kinamngoja. Yesu hakuendeleza tu maisha yaliyokatizwa. Paulo anawaambia Warumi kwamba akiisha kufufuka hafi tena. Wawili waliokwenda naye Emau hawakumtambua njia nzima, mpaka alipoumega mkate. Ni yeye yule, lakini katika hali ambayo haijawahi kuonekana, na ndiyo maana Paulo alipoulizwa wafu hufufuliwa na mwili gani alijibu kwa mfano wa mbegu, ambayo inapochipua haifanani na punje uliyoifukia ingawa imetoka humo humo.

Kuhusu mama, sikanushi kwamba yuko kwa Bwana. Paulo mwenyewe aliwaandikia Wafilipi kwamba anatamani kwenda zake akakae na Kristo. Ila huko ni kungoja. Katika Ufunuo, roho za waliouawa kwa ajili ya neno la Mungu zinalia chini ya madhabahu zikiuliza, "Hata lini?", na anayeuliza hivyo hajafika mwisho wa safari. Katika ibada za mazishi za Kilutheri mchungaji hutupa udongo mara tatu: wa kwanza kwa kuwa mtu ametwaliwa mavumbini, wa pili kwa kuwa anarudi mavumbini, na wa tatu kwa kuwa Yesu Kristo atamfufua siku ya mwisho. Naona mhubiri wenu aliusahau udongo wa tatu.

Ama juu ya kutosheka na kumpenda Mungu na jirani, nawafahamu watu wema wasioamini ufufuo, na nawaheshimu. Lakini katika nyaraka zake Paulo hunukuu mafundisho ya Yesu mara chache mno, ilhali kufufuka kwake hukurudia bila kuchoka. Na anapowakataza Wakorintho uzinzi, sababu anayowapa ni kwamba Mungu aliyemfufua Bwana ataifufua na miili yao. Kwake yeye hata namna ya kumpenda jirani ilitoka hapo.

SWALI: Ndugu yetu alikuwa katika meli ya MV Bukoba iliyozama katika Ziwa Victoria Mei 21, 1996, na mwili wake haukupatikana. Shangazi yetu, ambaye sasa ni mzee, ana hofu kwamba asiye na kaburi hatafufuliwa. Tunataka kumwekea jiwe la kumbukumbu kijijini. Je, inafaa? *Msomaji, Mwanza*

JIBU: Poleni kwa msiba ambao haukupata mazishi. Mwambieni shangazi kwamba hofu yake iliwahi kutumiwa makusudi kama silaha. Mwaka 177, katika mji wa Lyon, ambao leo uko Ufaransa, Wakristo wengi waliuawa. Askofu wao Pothinus, aliyepita umri wa miaka 90, alifia gerezani, na mtumwa wa kike aliyeitwa Blandina aliteswa kupita wote. Watesi waliiacha miili wazi kwa siku sita, wakaichoma, kisha wakalifagilia jivu katika mto Rhône, wakisema kwamba sasa wataona kama watu hawa watafufuka. Walionusurika waliyaandika hayo yote katika barua kwa makanisa ya Asia na Frigia, majimbo yaliyokuwa katika Uturuki ya leo. Aliyeshika nafasi ya Pothinus alikuwa Irenaeus, na ni yeye, akijua fika kwamba wenzake hawakuachiwa hata kaburi, aliyeandika miaka michache baadaye utetezi mrefu wa kufufuliwa kwa mwili. Hoja yake moja shangazi ataielewa bila mwalimu: aliyemwumba mtu alipokuwa hayupo kabisa hawezi kushindwa kumrudisha aliyekwisha kuwapo.

Msomeeni pia Ufunuo 20:13, panaposema bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake. Sidhani Yohana angebishana nasi kuhusu ziwa.

Jiwe liwekeni. Kama wazee watataka kwanza kuzika mgomba badala ya mwili, kama ifanyikavyo katika baadhi ya jamii zetu, zungumzeni nao kwa heshima, lakini mjue kwamba hauhitajiki. Jina lake na tarehe zinatosha, na aya mtakayoichora chini yake iwe ile ile ambayo mngeichora kama angekuwa amelala hapo.