Fomu ya mchango wa siasa kwa mwalimu mwenye kadi ya kijani: asaini au asubiri?

SWALI: Habari za kazi, wakili. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya umma hapa Columbus, Ohio, kwetu Tanga. Kadi ya kijani niliipata kwa bahati nasibu ya viza, na bado sijaomba uraia. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo mwakilishi wa chama cha walimu alitugawia fomu ya kukatwa dola 20 kila mwezi kwa ajili ya mfuko wa siasa wa kutetea elimu ya umma. Akasema karibu kila mtu anatoa. Ada ya chama nakatwa tayari. Je, hii nayo ni lazima? Mkuu wa shule atajua nikikataa? Kuna hatari yoyote kwa karatasi zangu za uhamiaji? Na mwenzangu Mkenya, aliyekuja kwa viza ya J-1, anataka kunipa pesa mkononi nimchangie kwa jina langu. Tufanyeje?

JIBU: Mwalimu, pole na kazi, na umefanya vema kuuliza kabla ya kusaini. Nianze na lililo jepesi: si lazima. Najua sisi tuliotoka Tanzania tumezoea kuona makato ya CWT, Chama cha Walimu Tanzania, kwenye hati ya mshahara, asilimia 2, na mtu anachukulia kwamba kila kinachokatwa na chama ni kitu kimoja. Hapa Marekani ni mafungu mawili tofauti, na sheria inakataza yasichanganywe.

Fungu la kwanza ni ada ya uanachama. Hiyo inalipia majadiliano ya mikataba, wanasheria wa kumtetea mwalimu anapoitwa kwenye kikao cha nidhamu, mafunzo, ofisi na watumishi. Tangu sheria ya Taft-Hartley ya 1947, chama cha wafanyakazi hakiruhusiwi kuchukua ada hiyo na kumpa mgombea wa Bunge la Marekani au wa urais. Ada inaweza kutumika kuzungumza na wabunge juu ya muswada, kupiga kampeni ya kura ya maoni (ile ambayo wananchi wenyewe huamua jambo kwenye sanduku), au kuwaeleza wanachama msimamo wa chama. Kumpa mgombea wa shirikisho fedha, hapana. Na hata ada yenyewe, tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Janus, Juni 2018, hakuna mwalimu wa shule ya umma anayeweza kulazimishwa kuilipa.

Fungu la pili ndilo la fomu yako. Chama kinachotaka kuwachangia wagombea hao lazima kifungue mfuko wa pembeni, wenye akaunti yake na ripoti zake, na kila dola inayoingia humo itoke kwa mwanachama aliyekubali kwa hiari. NEA, chama kikubwa cha walimu chenye wanachama takriban milioni 3, kina mfuko wa namna hiyo, na AFT, chama kingine cha walimu, kina wake. Anayekuomba mchango analazimika kukueleza kwamba pesa ni za siasa, na kwamba una haki ya kukataa bila kuadhibiwa kwa namna yoyote. Zile dola 20 ni pendekezo tu, na fomu inapaswa kusema hivyo: unaweza kutoa 5, unaweza kutoa 50, unaweza usitoe. Ukomo ni dola 5,000 kwa mwaka kwa mfuko mmoja, jambo ambalo mimi na wewe halitusumbui.

Kwa hiyo maneno ya "karibu kila mtu anatoa" sikuyapenda. Huenda mwakilishi hakuwa na nia mbaya; wengi wao ni walimu wenzetu wanaofanya kazi hiyo baada ya vipindi. Lakini mwalimu mgeni, ambaye bado hajajua nani ana nguvu gani juu ya ajira yake, akisikia hivyo anasaini kwa hofu, na mchango uliotolewa kwa hofu ndio hasa sheria inaoukataza.

Mkuu wa shule hana haja ya kujua. Atakayeona makato ni ofisi ya mishahara. Ila kuna jambo moja la kuliangalia kwa makini. Mchango wa mtu mmoja ukizidi dola 200 kwa mwaka, mfuko wa shirikisho unapaswa kumworodhesha kwenye ripoti ya Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho: jina, anwani, kazi na mwajiri. Ripoti hizo ziko wazi, yeyote mwenye simu anaweza kutafuta jina lako. Dola 20 mara miezi 12 ni 240, umeshavuka. Dola 16 ni 192, hujavuka. Sisemi ujifiche, kuchangia elimu ya umma si aibu hata kidogo. Nasema uamue ukiwa unajua. Ripoti za jimbo nazo zina viwango vyake, usidhani ni vilevile. Na usitegemee nafuu ya kodi: mchango wa siasa haupunguzwi kwenye kodi ya mapato ya shirikisho.

Sasa tuingie kwenye kadi ya kijani, maana hapa ndipo walimu wetu wengi wanapotoshwa, hata na watu wenye nia njema. Ukiuliza mtaani utaambiwa mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kuchangia. Kwa sheria ya shirikisho ni kweli. Sheria hiyo inawazuia raia wa kigeni kuchangia uchaguzi wowote, wa shirikisho, wa jimbo au wa mtaa, lakini inamtoa mkaazi wa kudumu, yaani mwenye kadi ya kijani, katika katazo hilo.

Lakini wewe uko Ohio. Mwaka 2024 bunge la jimbo lilipitisha sheria, na gavana Mike DeWine akaisaini, inayomhesabu mkaazi wa kudumu kuwa raia wa kigeni katika fedha za uchaguzi wa jimbo, na ikaongeza kampeni za kura za maoni humohumo. Jaji wa shirikisho alisimamisha sehemu inayowagusa wenye kadi ya kijani; Oktoba mwaka huohuo mahakama ya rufaa ya kule Cincinnati ikaruhusu sheria iendelee kutumika. Kuivunja ni kosa la jinai. Binafsi naiona sheria hii ni ya dhuluma: mtu analipa kodi, anafundisha watoto wa jimbo, kisha anafungwa mdomo kwenye kura inayoamua hatima ya shule yake. Lakini maoni yangu hayatakulinda. Siku utakapojaza fomu ya uraia utaulizwa kama uliwahi kutenda kosa lolote, hata lile ambalo hukukamatwa kwalo, na utajibu chini ya kiapo.

Ndiyo maana swali la kuuliza ni moja: dola yangu inakwenda wapi? Makato ya fomu moja yanaweza kugawanywa, sehemu iende kwenye mfuko wa taifa unaochangia wagombea wa shirikisho, sehemu ibaki kwenye mfuko wa jimbo. Ile ya kwanza unaruhusiwa. Ile ya pili, kwa Ohio ya leo, kaa nayo mbali hadi uapishwe kuwa raia.

Rafiki yako wa J-1 hana mlango hata mmoja. Mwenye viza ya muda, iwe J-1 au H-1B, haruhusiwi kuchangia uchaguzi wa ngazi yoyote. Jambo hilo lilifika mahakamani katika kesi ya Bluman, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ikaliacha katazo lisimame. Na pesa yake ikipitia kwako inakuwa kosa la pili, la kuchangia kwa jina la mtu mwingine, nanyi nyote wawili mmeingia. Usiipokee, hata kama ni dola 5. Ada ya uanachama anaweza kulipa, kikaoni anaweza kusema, barua kwa mbunge anaweza kuandika.

Umeniuliza pia kama kuna hatari kwa karatasi zako za uhamiaji. Kuchangia inavyoruhusiwa si hatari. Kupiga kura kabla ya uraia ndiko kunakowapeleka watu kwenye kufukuzwa nchini. Ukiwa ofisi ya leseni ya udereva, mtu akakuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura, jibu hapana.

Nisingependa utoke hapa ukidhani mfuko huu ni mtego. Fedha nyingi za shule za Marekani zinatoka jimboni na kwenye kodi za nyumba na ardhi; serikali ya shirikisho inaleta kama sehemu moja ya kumi. Mwaka 1997 Mahakama Kuu ya Ohio, katika kesi ya DeRolph, ilisema mfumo huo wa kutegemea mno kodi za nyumba unakiuka katiba ya jimbo, maana wilaya maskini zinabaki na shule maskini. Mwaka 2011 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kubana haki ya walimu, polisi na wazimamoto kujadiliana mishahara, na Novemba wapiga kura wakaifuta kwa zaidi ya asilimia 60. Mwaka 2023 vocha za shule binafsi zikafunguliwa kwa karibu kila familia. Haya yote yanaamuliwa na watu waliochaguliwa, au na wapiga kura moja kwa moja, na walimu wasipojipanga kifedha wanawaachia uwanja wengine. Nakuhimiza uchangie, wakati wako ukifika.

Kwa sasa, mwandikie mweka hazina wa tawi, kwa barua pepe ili ubaki na nakala: "Mimi ni mkaazi wa kudumu, si raia. Tafadhali nijulishe kwa maandishi kama makato ya fomu hii yote yanakwenda kwenye akaunti ya shirikisho, au kuna sehemu inayobaki jimboni." Akijibu yote ni ya shirikisho, andika kiwango unachokimudu wewe na usaini. Akijibu yanagawanywa, au akikaa kimya, fomu ibaki kwenye droo.