Kocha, skeitibodi itanifaa kwenye theluji?

SWALI: Assalaam alaykum Kocha. Nina miaka 19, nipo Chake Chake. Mjomba wangu anaishi Grenoble, Ufaransa, na Februari nakwenda kumtembelea inshaallah. Yeye huteleza kwenye theluji kwa monoski, ule ubao mmoja mpana unaofungwa miguu yote miwili, na kaahidi kunifundisha. Skeitibodi naiweza kidogo. Niendelee nayo, au napoteza wakati?

Msomaji, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Hupotezi wakati, lakini ukisimama kama ulivyozoea utakuwa unajifunza mchezo mwingine. Skeitibodi hupandwa ubavu, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, na huo ni msimamo wa snoubodi, ubao mwingine wa theluji. Kwenye monoski unakabili bondeni kifua wazi, miguu imebanana, vidole vyote mbele, na fimbo mbili mikononi. Mmoja wa walioutangaza mchezo huu Marekani miaka ya 1970 ni Mike Doyle, mpanda mawimbi. Wafaransa ndio walioupenda khasa, miaka ya 1980.

Sasa fanya hivi. Weka viatu vyote viwili sambamba, vidole vikielekea ncha ya ubao. Skeitibodi ya kawaida ina upana wa kama sentimita 20, kwa hiyo vitaenea kwa taabu; ukipata ndefu na pana, bora. Kata fito mbili za kukufika kiunoni, uzishike mbele ili mikono isizoee kubaki nyuma. Bana magoti kama umeshikilia karatasi katikati, kisha yalaze kushoto, kulia, mabega yakiwa yametulia. Ubao utakufuata. Kuwa mwangalifu tu: ukisimama hivyo, kijiwe kimoja chini ya gurudumu kinakutupa kifudifudi. Kofia ngumu na vikinga mkono ni lazima. Milima mnayo huko Pemba, sisi Unguja tunaitamani, lakini usiende barabara ya daladala. Tafuta uwanja wa skuli wenye mteremko wa kumwaga maji tu.

Magurudumu hayatakufundisha kuegemea mbele mpaka muundi usukume ulimi wa kiatu, wala kusimama kwa kuugeuza ubao kingamo ili uikwangue theluji.

Wala lifti, ule mtambo wa viti unaopandisha watu mlimani! Niliosha vyombo kule kwenye milima ya theluji misimu miwili, na siku yangu ya kwanza na monoski niliteremka kutoka kwenye kiti cha lifti miguu imefungwa kama mbuzi wa Idi. Palikuwa tambarare, huwezi kupiga hatua, unajisukuma kwa fimbo tu. Nikaanguka, na aliyekuwa kiti cha nyuma akanijia juu. Wakasimamisha mtambo mzima kwa ajili yangu.

Kwa hiyo mwombe mjomba akuanzishe na ski mbili, ubao mmoja kila mguu, siku tatu nne, uizoee lifti huko. Na ubebe mafuta ya midomo, jua la theluji nalo linachoma, si la ufuo wa Vumawimbi peke yake.