Maua ya Kadi za Kinorwei: Maswali Yenu

Jirani yangu hapa Minnesota, bibi mwenye asili ya Norwei, amenipa kadi yenye maua yaliyojiviringa. Ni maua gani?

Usiyatafute bustanini, dada. Ni rosemaling, uchoraji uliostawi katika vijiji vya Norwei kuanzia karne ya 18. Mafundi walihama nyumba hadi nyumba wakipamba masanduku, kabati na bakuli za pombe, na mashina waliyapinda kama herufi C na S. Kila bonde lilikuwa na mkono wake. Shika kadi yako uitazame: tawi likichipukia pembeni na kutambaa litakavyo, huo ni mkono wa Telemark; kulia na kushoto vikifanana, fikiria Hallingdal. Bibi huenda akafurahi sana ukimuuliza wazee wake walitoka bonde gani.

Sanaa hiyo ilifikaje Marekani?

Ilisafiri na masanduku ya wahamiaji, kisha ikafifia. Aliyeipa uhai tena ni Per Lysne, mzaliwa wa Lærdal, Norwei, aliyekuwa akipaka rangi magari ya kukokotwa na farasi huko Stoughton, Wisconsin. Uchumi ulipoanguka miaka ya 1930, aligeukia sahani na samani. Namheshimu mno fundi huyu: ukata ulimrudisha kwenye sanaa ya kwao. Leo makumbusho ya Vesterheim, Decorah, Iowa, hufundisha uchoraji huo.

Kijizee chenye kofia nyekundu kwenye kadi ya Krismasi ni nani?

Anaitwa nisse. Kwa hadithi za wakulima, hulinda shamba na mifugo, na mkesha wa Krismasi huwekewa uji wenye siagi. Akisahauliwa, hulipiza. Mganda wa shayiri unaochorwa karibu naye ni chakula cha ndege.

Nikimjibu jirani kwa kadi, niandike nini?

Krismasi, "God jul". Tarehe 17 Mei, siku ya katiba ya Norwei iliyotiwa saini Eidsvoll mwaka 1814, andika "Gratulerer med dagen", yaani hongera kwa siku hii. Hata siku ya kuzaliwa yafaa. Kwa shukrani, "Tusen takk", asante elfu.

Naweza kuchora rosemaling mwenyewe?

Tena uichore! Anza na C moja: gandamiza brashi katikati ya mkunjo, inyanyue taratibu mwishoni ili mstari uishie mwembamba. Jaza ukurasa mzima wa hizo kabla ya kugusa kadi.